Barafu Iliyo Chini ya Maji: Khabari ya Albamu ya Oddisee



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuoni, mzee wa miaka sitini na ushei, akiandika juu ya albamu ya rapu. Mimi mwenyewe nastaajabu. Lakini kuna jambo lililonitokea ambalo limenifanya nione kuwa kunyamaza ni khiyana, nami nitakusimulia kwa ufupi kabla hatujaingia katika khabari yenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na sita, alikuja darsa ya baada ya magharibi akiwa na hedifoni masikioni. Nilizichomoa mbele ya wenziwe, nikamwambia maneno makali juu ya nyimbo za wahuni na watu wa mihadarati. Hakunijibu neno. Akakusanya vitabu vyake akaondoka, na kwa muda wa wiki tatu sikumwona tena. Hata siku moja mama yake akanijia. Hakuja kunilaumu. Alisema tu: "Maalim, mwanangu aniambia kuwa lau ungalimuuliza alikuwa akisikiza nini, angalikwambia."

Maneno hayo yalinichoma. Miaka yote hii nimewasomesha watoto kwamba Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha khabari kabla ya kumdhuru mtu, na mimi mwenyewe nimehukumu jambo nisilolisikia. Nikamwita kijana, nikamtaka radhi, nikamwambia anisikizishe. Tukakaa jioni tatu. Pale Kiingereza changu kilipokwama alinifasiria, na pale alipokwama yeye tuliyaandika maneno karatasini tukayatafuta maana pamoja. Haya nikuandikiayo ndiyo niliyoyapata.

Albamu hiyo yaitwa The Iceberg. Ilitoka tarehe 24 Februari 2017, nayo ina nyimbo 12. Mwenye kuitunga hujiita Oddisee, lakini jina lake khasa ni Amir Mohamed el Khalifa. Alizaliwa mwaka 1985. Baba yake ni Msudani, na mama yake ni Mmarekani mweusi wa Washington. Naye akakulia Prince George's County katika jimbo la Maryland, lililopakana na mji mkuu huo. Basi huyu niliyemwita mhuni ni mtoto wa Kiislamu, mwenye jina ambalo lau lingaliitwa katika chuo changu, wangaliitika watoto watatu.

Yafaa msomaji ajue kwanza namna kazi hii ifanywavyo, kwani wengi wetu twailaumu bila ya kuijua. Hip hop ilianzia Bronx, katika mji wa New York. Siku ihesabiwayo kuwa ya mwanzo ni tarehe 11 Agosti 1973, wakati kijana mmoja aliyetoka Jamaica, ajulikanaye kwa jina la DJ Kool Herc, alipopiga santuri katika karamu ya dada yake, akawa akikirudiarudia kile kipande cha wimbo ambacho ngoma hubaki peke yake. Juu ya kipande hicho watu wakaanza kusema maneno yenye vina. Tangu hapo kazi ikawa ina watu wawili. Kuna mtu wa maneno, ambaye ndiye rapa. Na kuna mtu wa mdundo, ambaye vijana humwita prodyuza. Huyu wa pili huchukua kipande cha santuri kuukuu, akakikata, akakipanga upya, akakiongezea ngoma kwa mashini. Ama akawaita wapigaji wa ala wampigie atakavyo. Rapa huja baadaye akapanda juu ya mdundo aliotengenezewa.

Oddisee hufanya kazi zote mbili. Midundo ya The Iceberg ni yake na maneno ni yake. Ni kama malenga atungaye shairi na pia akatunga mahadhi yake, asimwachie mwingine. Wala kazi ya mdundo kwake si ya kubahatisha. Mwaka 2011 alitoa albamu ambayo sehemu yake kubwa haina maneno, Rock Creek Park, aliyoipa jina la bustani kubwa ya Washington. Na mwaka 2016 akatoa nyingine ya namna hiyo, The Odd Tape. Mwaka huo huo wa 2016 alitoa pia kazi fupi yenye maneno akaiita Alwasta. Msomaji ajuaye Kiarabu atalifahamu neno hilo: ni yule mtu wa kati akufungulie mlango uliofungwa, au ni ule ujamaa utumiwao kupitishia mambo.

Tena ni msanii wa ile hip hop ambayo vijana huiita andagraundi, yaani isiyotoka katika makampuni makubwa. Kazi zake nyingi zimetolewa na Mello Music Group, kampuni ndogo ya mji wa Tucson katika jimbo la Arizona. Mtu wa namna hii hapati fedha za kumwaga, na aghlabu hula kwa kusafiri mji kwa mji akiimbia watu. Walakin hupata kitu kimoja ambacho wenye fedha hukikosa: hana wa kumwambia imba juu ya bunduki maana bunduki zauzika. Nimeisikiza albamu hii mwanzo hadi mwisho nikingoja kusikia mtu akijisifia kuua au kuuza unga. Sikumsikia.

Ama juu ya ala, nataka nisifahamike vibaya. Wanavyuoni wetu wamekhitilafiana, na wengi wao wamezikataza. Imam Ghazali, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1111, aliliwekea jambo la kusikiza mlango mzima katika Ihyaa yake, akalipambanua kwa marefu na mapana. Mimi siandiki fatwa hapa. Mwenye kuona ni haramu, na ashike alipo, wala asitumie makala haya kuwa hoja ya kumlegeza mtu. Mimi nazungumza juu ya maneno, na maneno, hata kwa Mtume wetu (s.a.w.), yalikuwa na mahali pake. Hassan bin Thabit alikuwa mshairi wake, na mwisho wa Sura ya Ash-Shuaraa Mwenyezi Mungu amewatoa katika lawama washairi walioamini na kutenda mema. Nasi pwani hapa tumelelewa na mashairi yenye kuchoma na kuasa. Mwana Kupona alimwachia binti yake wasia kwa utenzi mwaka 1858. Hatuna haki ya kusema kuwa neno lenye vina ni upuuzi kwa sababu tu latoka Maryland.

Sasa tuitazame albamu yenyewe. Iceberg ni mlima wa barafu uelewo baharini. Takriban sehemu tisa katika kumi za barafu hiyo zimo chini ya maji, na jicho huona ile sehemu moja tu. Sisi watu wa bahari hatuna barafu, lakini twaujua mwamba. Nahodha asiyejua yaliyo chini ya maji hufikiri bahari ni shwari mpaka asikie jahazi likilia. Wimbo wa kwanza wa albamu waitwa Digging Deep, yaani kuchimba chini, na hilo ndilo lengo la kazi nzima: usihukumu kwa kile uonacho juu, chimba.

Kumbuka pia ilitoka wakati gani. Tarehe 27 Januari 2017, rais wa Marekani wa wakati huo na wa leo, Donald Trump, alitia saini amri ya kuwazuia kwa siku 90 watu wa nchi saba wasiingie Marekani: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Nchi zote hizo wakazi wake wengi ni Waislamu, na moja katika hizo ni nchi ya baba yake Oddisee. Albamu ikatoka wiki nne baadaye. Kazi ya namna hii haitungwi kwa wiki nne. Kwa hivyo haikuwa jibu la amri ile. Ilikuwa imekwisha kuyaona yaliyo chini kabla ncha haijatokeza juu.

Katika wimbo uitwao Like Really anakigusa kile kilio cha uchaguzi wa 2016, cha kuifanya Marekani iwe kuu tena, akauliza swali ambalo mtoto wa watumwa ana haki ya kuliuliza: huo ukuu wa zamani ulikuwa ni wa nani? Ni wimbo mzuri, lakini si hapo palipo uzito wa albamu. Kumjibu mtawala si kazi ngumu, na wengi wamemjibu. Uzito upo katika wimbo wa tano, You Grew Up, maana yake "Ulikua". Huo ndio niliomwambia kijana aurudie mara nne, na kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Wimbo huu una khabari mbili. Ya kwanza ni ya rafiki wa utotoni, mtoto wa kizungu, jirani. Walicheza pamoja kama watoto wachezavyo, bila ya kujua rangi. Kisha baba wa yule mtoto akapoteza kazi, na uchungu wake akautupia kwa baba wa msimulizi, mgeni aliyekuja na kupata riziki. Urafiki ukakatwa na wazee. Miaka ikapita. Yule mtoto akawa askari polisi, na khabari yake ikaja kusikilikana tena: ameua mtu mweusi.

Khabari ya pili ni ya mtoto mwingine, wa kwetu huyu. Ni kijana aliyekua akionewa na kutengwa kwa ugeni wake na dini yake, akatafuta pa kuegemea, akapata watu wa kumfungulia mikono. Na watu hao wakampeleka kwenye njia ya kuua wasio na khatia.

Ndugu msomaji, tazama alichokifanya mtungaji. Angaliweza kutoa khabari ya kwanza peke yake, na watu weusi wa Marekani wote wangalimpigia makofi, kwani wameona wana wao wakiuawa na polisi na uchungu wao ni wa haki. Angaliweza pia kutoa ya pili peke yake, na majirani zake wazungu wangalimwita Muislamu mwema. Yeye ameziweka bega kwa bega ndani ya wimbo mmoja, kwa mdundo mmoja, wala sauti yake haipandi katika hii wala haishuki katika ile. Askari aliyeua na kijana aliyelipua hawajuani, na kila mmoja angalimchukia mwenziwe. Lakini chini ya maji mwamba ni mmoja: mtoto aliyesikia maneno fulani mapema, katika wakati wa uchungu, na hakuwapo mtu wa kumwambia vingine.

Hapa ndipo wimbo ulipogusa nyumba yangu na nyumba yako. Twaijua hadithi ya Mtume wetu (s.a.w.) juu ya fitra, kwamba mtoto huja duniani akiwa safi, na wazazi ndio humgeuza. Tumeisoma mara ngapi? Na bado baba hukaa barazani jioni, biashara yake imeanguka, akasema wazi mbele ya wanawe kuwa ni watu wa kabila fulani waliotuharibia, ni watu wa bara, ni Wahindi, ni madhehebu fulani. Baba yule asema ili apate kupumua tu, na kesho amesahau. Mtoto hasahau. Baba wa yule askari hakumfundisha mwanawe kuua; alimfundisha nani wa kulaumiwa, na hilo likatosha.

Na khabari ya pili hatuhitaji kwenda Marekani kuitafuta. Pwani hii ina mama ambao hawajui wana wao wako wapi, waliovutwa na watu wenye maneno matamu wakavushwa mpaka. Twauliza: ni nani aliyewaharibu? Swali hilo ni la haki. Lakini wimbo huu waongeza swali la pili ambalo hatulipendi: kabla hajaja huyo mwenye maneno matamu, ni nani aliyekuwa amekwisha kumfukuza kijana? Niliposikia ubeti ule, nilimkumbuka mwanafunzi wangu akikusanya vitabu vyake. Wiki tatu hakuwa darsani kwangu. Lazima alikuwa mahali fulani, na watu fulani. Mimi ndiye niliyemtoa mlangoni, na wa kumpokea nje sikumchagua mimi. Nashukuru Mola kuwa alibaki kwa mama yake.

Asije mtu akasema kuwa wimbo huu wawatetea wauaji. Nililichunguza sana jambo hili, kwani ndilo lililonitia shaka mwanzo. Kueleza sababu ya dhambi si kumwondolea mtu dhambi. Mganga akwambiaye homa yako imetoka kwa mbu hasemi kuwa homa ni njema. Askari amebaki kuwa muuaji mpaka mwisho wa ubeti, na kijana kadhalika. Hakuna aliyeoshwa. Kilichobadilika ni msikilizaji, ambaye hawezi tena kusema "mimi simo".

Walakin mwenye kusifu tu si mkosoaji bali ni mpiga zumari, nami nina lawama zangu.

Ya kwanza ni kuwa khabari ya pili yapita upesi mno. Muislamu ataifahamu, kwani ajua kuwa msikiti si mlango wa mauaji. Asiyejua dini yetu aweza kuondoka na picha ya vijana waendao kutafuta imani wakarudi na mabomu. Ingalifaa amwonyeshe japo mwalimu mmoja, imamu mmoja, aliyejaribu kumshika mkono kijana yule. Wapo wengi, na kazi yao haionekani. Hao nao ni barafu iliyo chini ya maji, na mchimbaji huyu hakuwafikia.

Ya pili ni kuwa aonyesha ugonjwa na hataji dawa. Nilipomwambia kijana hivyo, alinijibu: "Maalim, dawa si kazi ya rapa. Ni kazi yako." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini naiacha lawama yangu hapa, kwani kazi iliyochimba kiasi hiki ingaliweza kuchimba shubiri moja zaidi.

Ya tatu ni ya maneno na mdundo. Huyu ni mtu wa maneno mengi na ya haraka, na midundo yake yavutia. Katika wimbo uitwao Things, mdundo wachangamka kama wa harusi, ilhali maneno ni ya mtu mwenye mazito kifuani. Msikilizaji atacheza na asijue alichoambiwa. Nililiita hilo kosa. Kijana akasema: "Ndivyo tulivyo sisi, Maalim. Mtu acheka na moyo waungua." Hapo nilifahamu kuwa kwa mtu ambaye maneno na mdundo vyote ni vyake, kutopatana kule si bahati mbaya, amekusudia. Hata hivyo nasema kuwa mwenye wasia mzito hana budi kuhofia kuwa wasia wake utachezwa badala ya kusikizwa.

Ukiniuliza basi thamani ya albamu hii ni ipi, nitakwambia kuwa ni kazi ya mtu mzima mwenye akili, aliyekaa baina ya Khartoum ya baba yake na Washington ya mama yake, akaona pande zote mbili zikihukumiana kwa ncha za barafu. Hakuzipigia kelele. Amezipeleka chini ya maji. Khutba nyingi nimezisikia, na nyingine nimezitoa mimi, ambazo hazikufika chini kiasi hicho.

Sikwambii, ndugu msomaji, umnunulie mwanao hedifoni. Nakwambia umuulize anasikiza nini, kisha ukae umngoje ajibu. Huenda akakusikizisha upuuzi, na upuuzi upo mwingi. Hapo utakuwa na haki ya kumkataza, na yeye atajua umemkataza kwa ujuzi. Huenda akakusikizisha kitu kama hiki, na ukapata darsa kutoka kwa mtoto uliyedhani wamsomesha. Kwa vyovyote atakuwa amejua kuwa nyumbani kwake huulizwa kabla ya kuhukumiwa. Na mtoto aliyezoea kuulizwa, mwenye maneno matamu humwia vigumu kumchukua.

Kijana yule amerudi darsani. Akifika mlangoni huzitoa hedifoni mwenyewe na kuzitia mfukoni, wala simwambii. Jana, baada ya darsa, aliniuliza kama nataka kusikia nyingine ya mtu huyu huyu, iliyotoka Januari 2023, iitwayo To What End. Nilimwambia tusali isha kwanza.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wana wetu, na atuhifadhi nao wao kwa ndimi zetu. Wallahu aalam.